Mashimo meusi: Pwani ilitoa njia, watafiti wetu wako wapi?

HIFADHI ya Taifa ya Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, inasifika kwa wanyama wa nyika wanaofika hadi ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba pwani hiyohiyo, ukiifuata kaskazini kupita Pangani, Tanga na Mombasa, inafika mahali palipochangia ugunduzi mkubwa wa elimu ya falaki.

Mahali hapo ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi nchini Kenya. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimikwa baharini, roketi ya Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru.

Uhuru ilibaini kwamba miale ya Cygnus X-1, chanzo kilichojulikana tangu mwaka 1964, hubadilika kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1971 darubini za redio za Marekani na Uholanzi zilionyesha mahali pake hasa, kando ya nyota kubwa. Mwendo wa nyota hiyo nao ulidhihirisha kwamba inazungukana na kitu kizito kisichoonekana. Hicho ndicho kitu cha kwanza kukubaliwa na wanasayansi wengi kuwa shimo jeusi. Vipimo vya redio vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaonyesha kuwa uzito wake ni takribani mara 21 ya Jua.

Kinachowashughulisha watafiti hadi leo ni michirizi inayotoka kando ya mashimo hayo. Si kila kinachovutwa humezwa. Sehemu ya maada inayozunguka shimo hurushwa nje kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na elektroni zake, zikizunguka katika nguvu za sumaku, hutoa mawimbi ya redio. Namna hasa michirizi hiyo inavyoanza bado ni swali lililo wazi.

Kazi ya kulijibu hufanywa kwa kiasi kikubwa na vijana waliokwishapata shahada ya uzamivu, wanaoajiriwa kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu katika vyuo na vituo vya utafiti. Hapo ndipo Tanzania inapopaswa kujiuliza. Nchi nane za Afrika zilishirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA. Kenya, Zambia na Msumbiji, majirani zetu, zimo. Sisi hatumo. Ghana nayo, mwaka 2017, ilizindua darubini ya redio iliyotokana na antena ya zamani ya mawasiliano.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na dawa haina haja ya kuhangaikia mashimo meusi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inadhani kwamba lazima tuanze kwa kununua darubini. La hasha. Takwimu nyingi za darubini kubwa za redio huwekwa wazi kwa watafiti wote baada ya muda maalumu. Mtafiti aliye Dar es Salaam au Dodoma anaweza kuzichambua akiwa na kompyuta nzuri, intaneti ya uhakika na mshahara. Ujuzi huo wa kuchuja ishara hafifu na kuchambua takwimu nyingi unahitajika pia katika simu, hali ya hewa na vipimo vya hospitali.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni ndogo: vyuo vikuu vyetu, kwa kushirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), vitenge nafasi chache za ajira kwa watafiti wa aina hiyo. Bila nafasi hizo, kijana anayehitimu uzamivu wa fizikia atatafuta kazi ughaibuni, au ataiacha fani. Mwaka 1970 pwani hii ilitoa mahali pa kurushia na jina la setilaiti, lakini ugunduzi ukaandikwa na wengine. Safari hii tutoe na watafiti.