Figo zaharibika kimya, fedha zaishia kwenye mashine

MGONJWA wa kisukari katika viunga vya Kitale au vijiji vya Bungoma, mara nyingi, hukutana na daktari wa figo akiwa amechelewa. Miguu imevimba, mkojo una povu, na damu imejaa taka ambazo figo zimeshindwa kuzichuja. Sukari nyingi katika damu, ikishirikiana na shinikizo la juu, hudhoofisha vichujio vya figo kidogo kidogo, pasipo maumivu, na mtu huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo kabla hajahisi lolote.

Serikali ililivamia tatizo hili kutoka mwisho wake. Mnamo 2015, mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, uliokadiriwa awali kugharimu Sh38 bilioni, ulizipelekea hospitali za kaunti mashine za kusafisha damu. Hapo awali, wakazi wa kaunti nyingi waliifuata huduma hiyo katika hospitali kuu za rufaa, kwa hivyo hakuna haja ya kuubeza msaada huo. Lakini hesabu yake inatisha. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024, ililipa Sh9,500 kwa kila kikao, vikao viwili kwa wiki. Hizo ni karibu Sh1 milioni kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na mashine haimponyi.

Upande wa pili wa mizani ni kinga. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya 10 nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Wengi bado hudhani kisukari huletwa na kijiko cha sukari ndani ya chai, imani yenye kejeli yake katika kaunti inayolima miwa kama Bungoma. Unene, kutofanya mazoezi, umri na urithi wa ukoo vina mchango mkubwa, na shinikizo la damu halionjwi kwa ulimi.

Hapa ndipo kazi ya watafiti wanaoshirikiana chini ya mpango wa AMPATH, wenye makao Eldoret na kliniki zake hadi Kitale na Webuye, inapostahili kuzingatiwa. Mpango huo ulianza 2001 kwa ajili ya Ukimwi, kisha ukageukia magonjwa sugu. Mtafiti wa dawa Sonak Pastakia na wenzake walishughulikia kero ya rafu tupu kwa kuanzisha maduka ya dawa ya mfuko wa mzunguko: dawa ikiisha katika hospitali ya umma, mgonjwa huinunua hapo kwa bei nafuu, na fedha hizo hununua nyingine.

Rajesh Vedanthan wa Chuo Kikuu cha New York na Dkt Jemima Kamano wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzao, walikwenda mbali zaidi. Waliwashirikisha watu 2,890 wa magharibi mwa Kenya wenye kisukari au shinikizo la juu. Baadhi walitibiwa kwa vikundi. Wengine waliunganishwa na vyama vya kuweka na kukopeshana akiba. Wengine walipata vyote viwili. Matokeo, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha shinikizo likishuka kwa wastani wa vipimo 16.4 miongoni mwa waliopata vyote viwili, na 11.4 kwa waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida.

Pengo hilo si pana, wala halimalizi ubishi. Isitoshe, kilichopimwa kilikuwa shinikizo la damu, ilhali figo huhitaji miaka ili kutoa ushahidi wake. Hata hivyo, utafiti ulikiri jambo ambalo hospitali husahau: asiye na nauli harudi kliniki.

Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wakiwa na mikoba yenye mashine za kupimia shinikizo na sukari. Mashine ya sukari haisomi chochote bila vijiti vyake, na kila kijiti hutumika mara moja. Afya iligatuliwa 2013. Bajeti ya vijiti hivyo sasa inagongwa kwenye milango ya Kitale na Bungoma, ambako vitanda vya kusafishia damu navyo vinangoja fedha zizo hizo.