Ukimwanika Fundi Insta, Ufa Unazibika?

Staa mmoja wa kike hapa Bongo juzi kaanika picha ya fundi wake Insta, eti kamharibia mjengo: plasta inabanduka, juu ya dirisha kuna ufa unaoingia kidole. Mashabiki wakashusha matusi kama mvua.

Sawa, fundi kachemka, hilo halina ubishi. Lakini zege la lenta lilimwagwa Ijumaa, Jumatatu tofali zikapandishwa juu yake, kisa bibie anataka kuhamia kabla ya bethidei. Zege linataka kumwagiliwa maji angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Halijui bethidei ya mtu! Halafu hela yote alishalipa mapema, saiti alikuwa anaenda kupiga selfi tu. Sasa fundi arudi kufuata nini?

Dawa ni kulipa kwa hatua, kubakiza hela mpaka kazi ikaguliwe, na sasa hivi kumwita injinia aucheki ule ufa. Plasta ikibanduka ni aibu tu. Lenta ikiachia, chini yake wamelala watoto. Matusi ya mashabiki hayashikilii ukuta.

Wadau, mnasemaje?