Simu isiyo na namba haikufanya kazi bila mtu



Wiki hii tunazungumza juu ya chombo ambacho mtoto wa leo akikiona atauliza, "Mama, hapa unabonyeza wapi?" Ni simu ya zamani isiyo na namba hata moja: sanduku la mbao au la plastiki nyeusi nzito, mkono wa simu wa kusemea na kusikilizia, na ubavuni kampini kadogo ka kuzungusha. Haina vitufe, wala haina kile kisahani chenye matundu cha kuzungusha kwa kidole. Ulimwenguni wako watu wanaozitafuta simu hizi, kuzisafisha na kuzifanya zilie tena. Kwetu, ikipatikana moja kwenye stoo ya zamani, mwenye kuiwahi ni mnunuzi wa vyuma, kwa sababu ya shaba iliyo ndani. Tunaomba tuzungumze kabla hajaiweka kwenye mzani.

Kwanza tuelewe ilivyofanya kazi. Ukizungusha kampini, waya wa shaba uliosokotwa unazunguka katikati ya sumaku na kutoa umeme wa volti 80 hivi, unaotosha kuliza kengele iliyo mbali. Sauti yako ilibebwa na umeme mdogo wa betri kavu, kwa kawaida mbili, volti 3 tu. Kwa hiyo simu ile haikuhitaji umeme wa ukutani. Ilichohitaji ni mtu.

Mtu huyo alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi. Kengele yako ilipomfikia, alichomeka waya kwenye tundu lako na kuuliza unamtaka nani. Ukimtaja, alichomeka ncha ya pili kwenye tundu la huyo mwingine, akamlizia kengele, mkaongea. Baadaye zilikuja simu zisizo hata na kampini: ukiinua mkono wa simu, taa ndogo inawaka mbele ya mwunganishaji. Lakini yeye alikuwa bado pale katikati.

Na mara nyingi alikuwa mwanamke. Alexander Graham Bell alipata hati ya simu huko Marekani mwaka 1876. Kazi ya kuunganisha walipewa kwanza vijana wa kiume, nao walitukana wateja na kuwafanyia mzaha. Tarehe 1 Septemba 1878, mjini Boston, Emma Nutt akaanza kazi hiyo, mwanamke wa kwanza duniani, na dada yake Stella akaanza siku ileile. Miaka si mingi baadaye, kazi hiyo ikawa ya wanawake karibu kila mahali Marekani.

Kukaa katikati ni kuaminiwa, na kuaminiwa kuna mzigo wake. Mwunganishaji aliweza kusikia. Alijua nani mgonjwa, nani ana deni, nani anampigia nani usiku. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa mji wa Kansas City, alishuku kuwa wateja wake wanaunganishwa na mshindani wake. Mwaka 1891 akapata hati ya mashine ya kuunganisha simu bila mtu katikati. Kile kisahani cha namba kilikuja kwa sababu ya mashine hizo.

Sisi wa Ituri tunalielewa jambo hili bila kufika Boston. Kabla ya simu za mkononi kuenea, tulikuwa na foni, ile redio ya kuongelea ya misheni, ya mashirika na ya wafanyabiashara. Mwenye foni wa Bunia alimwita mwenzake wa Aru au wa Mahagi, naye akatuma mtoto aende kumwambia shangazi aje saa fulani. Ulisema neno lako, ukampa mwenzako zamu, ukangoja. Habari ya msiba ilisikiwa na wote waliokuwa kwenye mawimbi, ndiyo maana tulijifunza kusema kwa mafumbo. Leo tunatia inite na kupiga wenyewe, na hatumjui anayetuunganisha. Tumepata siri na haraka. Yule mtu aliyejua nyumba ya shangazi, huyo hayupo.

Wengine walimlilia mtu huyo. Katika kijiji cha Bryant Pond, jimbo la Maine huko Marekani, ubao wa kuunganishia simu ulikaa sebuleni kwa mume na mke waliomiliki kampuni ndogo ya simu. Mwaka 1983, wakati mashine zilikuwa zimeshika nchi nzima, kulikuwa na wanakijiji waliofanya kampeni ili kampini zao zisiondolewe. Walishindwa, na zikawa miongoni mwa simu za mwisho za kampini katika nchi ile.

Sasa, kama kuna simu ya namna hii nyumbani, parokiani au katika stoo ya ofisi, ifanyiwe hivi.

Usiipake rangi. Rangi mpya huficha maandishi ya kiwanda, na hayo ndiyo yanayoonyesha ilikotoka. Ile plastiki nyeusi inaitwa bakeliti. Ilibuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji wa mji wa Ghent aliyehamia Marekani. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo na sabuni kidogo, kisha ikaushe. Isiloweshwe, isitiwe javeli.

Fungua mahali pa betri. Betri zilizovuja huacha unga mweupe au wa kijani; zitoe ukiwa umevaa glavu, mbali na watoto. Sauti ikiwa hafifu, gongagonga polepole mahali pa kusemea, kwa maana ndani mna chembe za kaboni ambazo hushikana zikikaa muda mrefu. Kila skrubu unayoitoa iweke kwenye kikombe kimoja.

Ikiwa una simu mbili nzima za kampini, ziunganishe kwa nyaya mbili, tia betri, zungusha. Watoto wataongea kutoka jikoni mpaka uani bila inite na bila rezo. Ila mtu asishike ncha za waya wakati mwingine anazungusha, umeme ule unarusha mkono. Na simu hiyo isichomekwe kamwe kwenye umeme wa nyumba.

Tena jambo moja zito, kwa sababu ya vita vilivyopita na vinavyoendelea hapa kwetu. Askari nao wana simu za kampini, masanduku yenye nyaya. Sanduku lenye nyaya lililoonekana porini au mahali askari walipokaa si la kuokota. Hatujui limefungwa na nini. Mtoto arudi kwa njia aliyokuja nayo, amwambie mtu mzima, na mtu mzima apeleke habari kwa viongozi.

Wengi wetu tumewahi kukimbia na mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Picha za harusi, vyombo vya bibi, vyeti vya shule, vyote vilibaki vikaungua. Kilichosalia, hata kama ni simu isiyolia, ni ushahidi kwamba tulikuwa na jana. Lakini ushahidi wake hautoshi mpaka tuujaze na majina ya watu. Simu iliyosafishwa bila habari ya aliyeitumia ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo kazi ya vikundi wiki hii ni hii. Kila mama amuulize mzee mmoja: habari za mbali zilikufikiaje ulipokuwa kijana? Nani alikuita? Ulitembea umbali gani kwenda kusikiliza? Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi, pamoja na jina la kijiji na mwaka kama unakumbukwa. Mwenye simu ya zamani ailete kwenye mkutano, na mwenye kumbukumbu tu aje nayo. Zote mbili tunazihitaji.