Pamba ya Simiyu na Dharau kwa Sheli

Ipo dhana miongoni mwa wasomi wenzangu kwamba mwanafunzi asiyeanza na kompaila hajui kompyuta. Dhana hiyo naipinga.

Kompaila ni mfasiri wa kitabu: huipokea programu nzima na kuigeuza kuwa lugha ya mashine, ndipo kazi ianze. Sheli, na hapa sisemi kituo cha mafuta, ni mkalimani wa mkutano wa hadhara Bariadi: husikia amri moja, huitekeleza, kisha hungoja ya pili.

Sasa tujiulize, kazi zilizopo Simiyu ni zipi? Chama cha ushirika kinachopokea pamba kina orodha za majina, kilo na malipo. Kuzipanga, kuzijumlisha na kubaini majina yaliyojirudia ni kazi ya mistari michache ya sheli, hata katika kompyuta kuukuu yenye Linux isiyo na intaneti. Kumwambia kijana wa Maswa asubiri hadi aimudu kompaila ni kumnyima jembe msimu wa kulima, eti kwa kulinda hadhi yetu.

Wala gharama si hoja. Kompaila ya GCC ilitolewa mwaka 1987, sheli ya Bash mwaka 1989. Zote zimetoka mradi wa GNU, zote ni huru na hazilipiwi. Atakayeunda programu nzito za hesabu, kompaila inamngoja.

Mkoa unaolima pamba na kuvaa mitumba unajua hasara ya kungoja wengine. Vyuo vyetu vianze na sheli, kompaila ifuate.