Gari la tiba ya viungo likiondoka, mtoto anabaki na nani?

Tangu Marekani na wafadhili wengine walipopunguza misaada mwaka 2025, mazungumzo mengi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda yamekuwa juu ya chakula. Ni haki. Lakini kuna huduma ambayo ikipunguzwa ni wachache wanaopiga kelele: tiba ya viungo kwa watoto ambao hawawezi kukaa, kusimama au kutembea kama wenzao.

Chukua mfano wa Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi haya ni makubwa, na vijiji vyake vimetawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini Mbarara. Kama mtoto wako anaumwa malaria, unaweza kukopa nauli ya boda boda ukafika hospitali. Tiba ya viungo haimalizwi kwa safari moja.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 8. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha huvaa viatu maalumu kwa miaka kadhaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kunyooshwa viungo na kukalishwa vizuri kila siku. Mazoezi hayaondoi hali hiyo, lakini husaidia viungo visikakamae na humpa nafasi ya kujifunza kukaa au kushika kijiko. Nauli ya safari moja hukopeka. Nauli ya kila wiki humshinda mzazi, na hapo ndipo tiba hukatika.

Ndiyo maana wataalamu wanaowafuata watoto vijijini ni muhimu. Lakini tusijidanganye. Mtaalamu akikaa na mtoto wako nusu saa kwa mwezi, siku zote zilizobaki mtoto yuko mikononi mwako. Sisi tunaoandika ripoti za mashirika hupenda kuhesabu watoto waliohudumiwa. Swali la maana zaidi ni hili: gari likiondoka, mama, baba au bibi anajua la kufanya kesho asubuhi?

Fedha zikipungua, njia rahisi ni kuibebesha timu moja vijiji vingi zaidi. Kwenye ripoti inaonekana kila mtu amefikiwa. Kwa mtoto mchanga ambaye mguu wake unakua, plasta iliyopitisha muda inaweza kuumiza. Kwa maoni yangu, ni afadhali ratiba fupi inayotimizwa kuliko ratiba ndefu ya ahadi. Vijiji vinavyosubiri zamu viambiwe ukweli, na wahudumu wa afya wa kijiji wafundishwe kufuatilia watoto kati ya ziara moja na nyingine.

Lugha nayo ni sehemu ya tiba. Mama aliyetoka Kivu akielekezwa kwa Kiingereza ataitikia kwa heshima, kisha arudi nyumbani bila kuelewa. Omba mkalimani. Omba uoneshwe zoezi, kisha ulifanye wewe mwenyewe mbele ya mtaalamu.

Huduma hii si ya wakimbizi peke yao. Utaratibu wa Uganda unataka karibu asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Mzazi mwenyeji na mzazi mkimbizi wakienda pamoja kwenye mkutano wa kijiji kudai siku maalumu ya tiba, ni vigumu kuwapuuza.

Wewe mzazi, usisubiri. Mtoto wa miezi 9 ambaye hawezi kukaa bila kushikwa, au wa miezi 18 ambaye hajaanza kutembea, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Nyayo zilizopinda zioneshwe mapema, mtoto akiwa bado mchanga. Kama vidole vya mguu wenye plasta vimevimba, vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, nenda siku hiyo hiyo. Zoezi likimpa mtoto maumivu, acha na uulize.

Na jirani yako akiwa na mtoto anayefichwa ndani kwa sababu ya maneno ya watu, mwambie siku ya kliniki, kisha mwende pamoja.