Ikichacha kwa Shosho ni Uchafu, Ikichacha Westlands ni Bob 950

Nianze kwa kujitaja mwenyewe, juu mtu akilaumu wengine na amejiacha nje huwa anapiga kelele tu.

Nikiwa Form Three, Desemba, tulienda ushago Murang'a kama kawaida. Shosho akanipa kikombe cha uji wa mukio, ule ambao unga wake hukaa kwa maji siku mbili tatu ukichacha ndio upikwe. Nikanusa, nikakunja uso, nikatoa simu. Video ya sekunde kumi na mbili: "Wasee, cheki shosho ananipea uji imeharibika." Ilipata laiki kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuweka. Binamu zangu walicheka hadi machozi.

Mwaka jana nikaenda branchi na mbogi kwa kafe moja Westlands. Kwa menyu imeandikwa "sourdough waffles", bob 950. Zikaja wafo mbili za miraba-miraba, vipande vitatu vya stroberi, na asali kwa kikombe kidogo kama cha dawa ya kikohozi. Nikauma, nikafumba macho mbele ya kamera, nikasema: "Manze, sikieni hiyo uchachu."

Usiku, nikikata ile video, ndio ilinigonga. Hebu tafsiri hiyo "sourdough" kwa Kiswahili. Unga uliochacha. Basi. Kitu nilichokuwa nasifu Westlands ndicho nilichomchekea shosho.

Sasa hapa ndipo nataka tugombane kidogo. Tuna hii tabia ya kukataa kitu kikiwa jikoni kwetu, halafu tunakinunua kikirudi na jina la Kiingereza. Hasara ya kwanza ni pesa. Hasara kubwa ni ujuzi, kwa sababu shosho akiondoka na kibuyu chake, hakuna kafe itakayokufundisha. Kafe inakuuzia sahani, haikuuzii akili.

Na usiniambie chachu ni mambo ya wazungu. Tembea Nairobi hii. Eastleigh, anjera ya Wasomali huchachushwa usiku ikapikwa asubuhi. Injera ya Wahabeshi hukaa siku kadhaa na maji ya chachu ya zamani yanayoitwa ersho. Parklands, dosa za Wahindi ni mchele na dengu zilizosagwa zikaachwa zichache. Kalenjin wana mursik kwa sotet. Waluhya wana busaa. Huu mji umejaa unga na maziwa yaliyochacha kwa makusudi, lakini ni yule aliye na menyu ya Kiingereza tu ndiye tunamwita fundi.

Tena hao tunaowaiga, chachu ilikuwa chakula chao cha watu waliosota. Wakati watu walikimbilia dhahabu California mwaka 1849, na baadaye Klondike kuanzia 1896, wachimbaji walibeba chachu yao kama mali, maana huko hakukuwa na duka la kuuza hamira. Wakaitwa kwa jina la unga wao: "sourdoughs". Wanaume wachafu, hawajaoga wiki, wanapika mikate kwa kikaango. Mwaka 1971 watafiti Marekani wakachunguza chachu ya San Francisco, wakakuta bakteria mmoja wakampa jina la mji huo. Baadaye bakteria huyohuyo akapatikana kwenye chachu za Ulaya. Kumbe hakuwa na kwao.

Hata wafo zenyewe, kuziumua usiku kucha si fasheni mpya. Za Brussels na za Liège, kule Ubelgiji, kiasili huumuliwa kwa hamira. Pauda ya kuokea ilikuja karne ya 19. Kabla ya hapo, ukitaka kitu kiumuke kwa chachu, unangoja.

Chachu ni nini hasa? Unga na maji. Ndani yake kuna hamira ya asili, ile inayotoa gesi, na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, wale wanaoleta uchachu. Uji wa mukio nao huchachushwa na bakteria wa kundi hilohilo. Hawajui wako Murang'a ama Westlands. Wanakula wanga, wanafanya kazi, wananyamaza.

Halafu kuna uongo, na hapa nawasema wenzangu wa kontenti. Tunaambia watu ati wafo za chachu "zimejaa bakteria wazuri wa tumbo". Buda, hiyo mashine ina moto wa kukausha rojo hadi ikwaruze. Hao bakteria wamekufa wote. Kilichobaki ni kazi waliyofanya wakiwa hai: ladha, na pia kupunguza asidi ya fitiki, ile hushikilia madini kama chuma na zinki kwenye nafaka. Hiyo ni faida ya kweli, inatosha, haina haja ya kuongezewa chumvi. Na tafadhali, mtu mwenye ugonjwa wa seliaki asidanganywe kwamba ngano ikichacha inakuwa salama kwake. Haiwi. Gluteni bado ipo.

Uongo wa pili ni orodha ya vitu. Ati uwe na mizani ya dijitali, mtungi wa glasi kutoka nje, unga uliosagwa kwa mawe, kijiti cha mbao cha aina fulani. Msee anaishi bedsitter Roysambu, ana meko moja, anaona hiyo orodha anafunga simu. Hapo tumemfukuza kwa kitu ambacho shosho alifanya na kibuyu.

Uongo wa tatu ndio unanikera zaidi: zile video za kutupa nusu ya chachu kila siku kwa sinki, eti ndio utaratibu. Unga! Kwa nchi ambayo Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate, tukapiga kelele hadi hiyo ikatolewa! Hatuwezi kupigania bei ya mkate Juni halafu Julai tumwage unga kwa sababu ya kontenti.

Basi fanya hivi. Chukua mkebe safi, hata wa Blue Band. Weka vijiko vitatu vikubwa vya unga wa atta, ama changanya ngano nyeupe na wimbi kidogo, kwa sababu unga wa nafaka nzima una vijidudu vingi vya kuanzia. Ongeza maji hadi iwe nzito kama uji wa kulishia mtoto. Maji ya mfereji yenye dawa, yachemshe yapoe kwanza. Funika bila kukaza. Kila siku bakisha vijiko viwili tu, vilishe unga na maji upya. Ukianza na kidogo, kile unachotoa siku za mwanzo ni kidogo pia, na hicho cha wiki ya kwanza usikile, bado hakijatulia.

Siku ya pili au ya tatu itatoa povu na harufu ya soksi. Usiogope. Siku ya nne inaweza kulala kabisa, kama imekufa. Usiitupe, endelea kulisha. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne itaanza kupanda hadi mara mbili ndani ya masaa machache, na harufu itakuwa ya mala, ya matunda yaliyoiva. Hapo imeshika. Kwa joto la Mombasa itashika haraka, Limuru itajivuta. Ukiona ukungu wenye manyoya, ama rangi ya waridi au ya machungwa, tupa yote uanze upya. Hapo hakuna ushujaa.

Kuanzia hapo hakuna cha kutupa. Kile unachopunguza kila ukilisha, weka kwa friji, yako ama ya jirani. Kikifika kikombe kimoja, hizo ni wafo.

Usiku kabla ya kulala: kikombe kimoja cha hiyo chachu, vikombe viwili vya unga wa ngano, vikombe viwili vya mala, vijiko viwili vikubwa vya sukari. Koroga, funika, lala. Mala ndiyo silaha yetu. Wenzetu mapishi yao yanataka maziwa maalum ya siagi, sisi tunauziwa mala kwa kila kiosk. Kama kwenu kuna joto sana, iache masaa machache nje, halafu friji, isije ikachacha kupita kiasi.

Asubuhi: mayai mawili, robo kikombe cha mafuta, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na kijiko kimoja kidogo cha soda ya kuokea, ile ya unga, si ya chupa. Soda weka mwisho kabisa. Ikikutana na ile asidi rojo itavimba mbele ya macho yako, na hiyo gesi ndiyo itafanya wafo ziwe nyepesi. Ndiyo, kazi kubwa ya kuumua hapo asubuhi inafanywa na soda, na chachu imeleta ladha. Afadhali ujue ukweli kuliko uambiwe ni uchawi. Mimina kwa mashine ikiwa imeshika moto, usifungue kabla mvuke haujapungua, vinginevyo zitapasuka katikati.

Huna mashine? Kaanga rojo hiyohiyo kwa kikaango. Hazitakuwa na miraba, ladha ni ileile. Ama mchangie mashine moja watu wanne kwa hosteli, izunguke kama pasi.

Kwa bei za duka la mtaani kwetu, unga, mala, mayai, mafuta, sukari na tokeni za stima, mimi sikufika bob 200, na nilitoa wafo nane. Hiyo ni bob 25 moja. Kule nililipa 475 moja. Fanya hesabu mwenyewe.

Najua mtaniambia nini. "Acha watu wajienjoy." Sijakataa. Kafe inalipa kodi ya nyumba, inalipa mpishi, inalipa yule dada anayekuletea maji kwa tabasamu. Ukienda na demu wako ama beshte wako mkakaa masaa matatu, umenunua kiti na mwanga mzuri, na hiyo ni sawa. Shida ni ukitoka pale ukiamini kwamba chakula chenyewe ndicho kilichokuwa siri.

Mwingine atasema hana muda. Kazi yenyewe ni dakika tano usiku na nusu saa asubuhi. Katikati wanafanya kazi bakteria, wewe umelala. Ile foleni ya kungoja meza Jumapili inazidi hiyo.

Na kuna yule atasema, kwani mandazi ina ubaya gani? Haina. Kula mandazi. Lakini nikitaka wafo kwa keja yangu ya bedsitter, hakuna mtu ataniambia hicho si chakula cha watu kama sisi. Hiyo sentensi ndiyo ilitufikisha hapa.

Sasa nimalizie ile ya shosho.

Aprili nilienda Murang'a na mkebe wangu kwa begi. Tulipofika tukapewa chai na mkate wa duka. Nikamuuliza tata kwa nini siku hizi shosho hapiki mukio. Akaniangalia kwa muda. Akasema: "Kwani hujui? Walimwonyesha ile video yako. Tangu hiyo siku watu wa Nairobi wakija hapiki."

Miaka yote hiyo nilidhani ni uzee tu.

Nilienda jikoni nikamwomba anifundishe. Hakugeuka, aliendelea kusukuma kuni. Akasema, "Si uliambia watu imeharibika." Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Cucu, nisamehe," nikafungua mkebe nikampa anuse. Alinusa kwa muda mrefu. Akauliza kama ni ya ngano, nikasema ndiyo. Akauliza naiweka wapi usiku, nikamwambia kwa meza. Akasema Nairobi ina baridi Julai, niisogeze karibu na meko, na nisiwahi kuosha mkebe wote, nibakishe kidogo chini, hicho ndicho mama yake wa ile ya kesho.

Ile video nimeitoa. Laiki zimeenda, na zilikuwa nyingi, sitadanganya. Kitu amekosa shosho kwa hiyo miaka siwezi kukirudisha kwa kufuta.

Kwa hivyo kabla hujajaza kikapu chako cha mtandaoni na mtungi wa kutoka nje, piga simu nyumbani. Muulize shosho, ama mathe, ama yule mama wa anjera hapo chini ya ploti, anachachusha vipi. Na akikupa kikombe, weka simu mfukoni kwanza. Kunywa.