Tasnifu Haiponyi Mgonjwa

Nimekuwa kimya kwa muda, lakini leo nina la kusema, na najua baadhi ya wahadhiri wangu wa zamani watanuna.

Wiki jana nilimpeleka mama hospitalini. Tulikaa kwenye benchi saa nne. Foleni ilipangwa kwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa nambari kwa kalamu, na kimoja kikipotea, ugomvi. Nikainamisha kichwa kwa aibu. Kwa nini? Kwa sababu mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa programu ya kupanga foleni ya wagonjwa! Nilipata A.

Sikuwahi kukanyaga hospitali hata moja nikiuandika. Wala hakuna aliyeniuliza. Waliuliza kurasa ni ngapi, michoro iko wapi, marejeleo yamepangwa sawasawa? Nikapiga chapa nakala tatu, zikatiwa jalada jeusi, zikaingia kabatini. Mpaka leo zinakula vumbi.

Tuseme ukweli. Mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi huchagua malaria, mahindi au ajali za barabarani kwa sababu zinapendeza katika utangulizi. Akifika sura ya tano, mgonjwa na mkulima wamesahaulika.

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, baada ya majaribio yaliyogharamiwa na Vodafone na serikali ya Uingereza. Ushahidi, ramani ya kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi, iliundwa Januari 2008 na wanablogu na waandishi wa programu, nchi ikiwaka moto. Idara zetu za tarakilishi zilikuwa wapi?

Najua jibu: “Utafiti si biashara, na pesa hakuna.” Haya, tutazame jirani. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walianzisha AirQo. Mitambo ya kupima hewa inayoagizwa kutoka ng'ambo ni ghali mno, na haikuundiwa vumbi letu wala umeme wetu unaopotea. Wakaunda vifaa vyao vya bei nafuu, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Ni kweli walipata ufadhili wa Google.org mwaka 2019, lakini kufikia hapo walikuwa na kitu cha kuonyesha. Leo vifaa hivyo vimevuka mipaka ya Uganda, na Nairobi vimefika.

Hata kwetu wapo wanaojua njia. Watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya Kencorpus: maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Hiyo si biashara, ni utafiti mtupu. Lakini waliwaendea wasemaji wenyewe, kisha wakaiweka data wazi. Kesho kijana wa Kisumu akitaka kuunda programu inayoelewa Kidholuo, hataanza na mikono mitupu.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, mtahini asitoe alama kabla ya kuzungumza na mtu aliyeitumia programu: muuguzi, mkulima au kondakta wa matatu. Pili, msimbo na data viwekwe mtandaoni chini ya leseni huria siku tasnifu inapopokelewa, ila siri za wagonjwa zilindwe. Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kuendeleza mradi wa aliyemtangulia. Siku zetu hilo liliitwa wizi, ndiyo maana kila mwaka tunaanza upya.

Mama anarudi kliniki mwezi ujao. Safari hii nitakwenda na daftari nimuulize muuguzi foleni yake hupangwaje, swali nililopaswa kuuliza nikiwa mwanafunzi. Na wewe, mradi wako uko kabati gani? Toa maoni, hata kama ni ya kunitukana.